Kabla ya kuipanda Bugarama, ijue rejeta yako

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

KILA kampuni kubwa ya magari inapokaribia kutoa gari jipya la kasi, wapenzi wa magari duniani huanza kubashiri. Picha za gari lililofunikwa vitambaa vya madoadoa husambaa, na kila mmoja huangalia sehemu zile zile: mdomo wa mbele umepanuliwa kiasi gani? Boneti imetobolewa wapi? Kuna matundu mapya pembeni, karibu na matairi ya nyuma? Wenye macho makali huhesabu rejeta kabla hata kampuni haijatamka neno.

Msomaji wa Buyenzi au Kinama anaweza kuuliza: hayo yananihusu nini mimi mwenye Probox iliyobeba mawese na ndagala? Jibu ni kwamba yanamhusu sana. Kinachowakosesha usingizi mahandisi wa magari ya mamilioni ya dola ndicho kinachomkosesha usingizi dereva anayetoka Bujumbura asubuhi kuelekea Bugarama. Nacho ni joto, na swali la wapi pa kulipeleka.

Makala haya yanawalenga zaidi watu wa aina mbili. Wa kwanza ni ndugu zetu waliorejea kutoka Tanzania na kwingineko, ambao wengi wao huweka akiba yao yote katika gari moja la mtumba ili lilishe familia. Wa pili ni wafanyabiashara wa mipakani, ambao mzigo ukikwama mlimani siku moja, faida ya mwezi mzima huyeyuka.

Magari ya kasi yanapumua vipi?

Injini ya petroli hugawa nguvu ya mafuta yake, kwa makadirio, katika mafungu matatu. Theluthi moja hivi ndiyo inayosukuma gari. Theluthi nyingine hutoka kwa ekzosi. Inayobaki huingia katika chuma cha injini, na isipoondolewa haraka na maji, chuma hicho hupinda. Kwa hiyo injini ikiongezewa nguvu, joto nalo huongezeka kwa kiasi kinachokaribia hicho hicho.

Ndiyo maana Bugatti Veyron, iliyoanza kuuzwa mwaka 2005 ikiwa na nguvu za farasi 1,001, ilihitaji rejeta kumi. Chevrolet Corvette ZR1 ya mwaka 2019, yenye nguvu za farasi 755, ilikuwa na vipozaji 13 vya aina mbalimbali: vya maji, vya oili na vya hewa inayoingia katika injini.

Makosa nayo yamewahi kutokea. Corvette Z06 ya mwaka 2015, yenye nguvu za farasi 650, ilisifiwa sana ilipotoka. Lakini baadhi ya wenye nayo walipoipeleka katika viwanja vya mbio, waligundua kuwa baada ya mizunguko kadhaa joto lilipanda na kompyuta ya gari ikapunguza nguvu ili kuilinda injini. Katika toleo la mwaka 2017 matundu ya boneti yaliongezwa ukubwa. Tangu hapo, kila Corvette mpya ya kasi inapotajwa, swali la kwanza la wabashiri huwa ni la upozaji. ZR1 mpya yenye nguvu za farasi 1,064 ilipozinduliwa Julai 2024, jibu lilionekana juu ya boneti yenyewe: hewa inaingia mbele, inapita katika kipozaji, halafu inatokea juu badala ya kubanwa ndani.

Toyota nao walifanya kitu cha namna hiyo katika gari dogo. GR Yaris ina injini ya lita 1.6 yenye silinda tatu tu na tabo. Ilipoboreshwa mwaka 2024 na nguvu zake kufikia farasi 304, iliandaliwa pia rejeta ya ziada na kifaa cha kunyunyizia maji kipozaji cha hewa ya tabo. Injini hiyo inakaribiana kwa ukubwa na ya Probox ya cc 1,500, lakini nguvu zake zinakaribia mara tatu. Bila rejeta ya ziada, nguvu hizo zingedumu kwa dakika chache tu.

Wala somo hili halikuanzia Ulaya wala Marekani. Afrika Mashariki imekuwa darasa la joto tangu enzi za Safari Rally ya zamani, wakati Joginder Singh wa Kenya aliposhinda kwa Mitsubishi mwaka 1974 na 1976, na Shekhar Mehta alipotwaa ushindi mara nne mfululizo kwa Datsun kuanzia 1979 hadi 1982. Kampuni zilileta magari huku kwa sababu joto, vumbi, matope na milima vilifichua udhaifu ambao barabara za kwao hazikuweza kuuonyesha. Mashindano hayo yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, vumbi laini kama unga lilizisumbua injini za kisasa kama lilivyozisumbua za zamani. Toyota walioshika nafasi zote nne za kwanza mwaka 2022, na tena 2023, walishinda kwa kasi na pia kwa injini zilizoendelea kupumua vumbini.

Mlima wetu wenyewe

Sasa turudi nyumbani. Bandari ya Bujumbura iko kiasi cha mita 775 juu ya usawa wa bahari. Bugarama, umbali wa kilomita 35 hivi kwa Barabara ya Taifa namba 1, iko zaidi ya mita 2,000. Gari linapanda kiasi cha mita 1,400 karibu bila kupumzika, kona juu ya kona, nyuma ya malori yanayotambaa. Barabara hiyo ndiyo njia ya Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu mwaka 2019, na pia ya Kayanza, Ngozi, Muyinga hadi mpaka wa Kobero. Kwa mfanyabiashara wa Bujumbura anayefuata bidhaa Tanzania kwa njia hiyo, hakuna kuikwepa.

Mlima huu una mitego mitatu ambayo tambarare haina.

Mtego wa kwanza ni mwendo. Gari likienda kilomita 80 kwa saa katika tambarare ya Imbo, upepo wenyewe hupoza rejeta. Likipanda kwa kilomita 20 au 25 nyuma ya lori, upepo haupo na feni inabaki peke yake, ilhali injini ndiyo inafanya kazi kubwa kuliko wakati wowote. Mchana upepo wa ziwani huvuma kuelekea milimani, hivyo humpata dereva anayepanda kwa mgongoni. Kupanda asubuhi na mapema ni nafuu kwa injini, sawa na ilivyo kwa mtu anayepanda kwa miguu.

Mtego wa pili ni hewa. Kadiri unavyopanda, hewa inazidi kuwa nyepesi. Bugarama hewa ina mgandamizo pungufu kwa karibu asilimia 15 ikilinganishwa na Bujumbura. Ni kweli kuna baridi zaidi, na hiyo husaidia, lakini kila pumzi ya feni inabeba hewa kidogo.

Mtego wa tatu ndio wengi hawaujui, nao ni maji yenyewe. Tumefundishwa shuleni kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Hiyo ni kweli pwani, Dar es Salaam au Mombasa. Bujumbura maji ya wazi huchemka kwa nyuzi 97 hivi, na Bugarama kwa nyuzi 93. Injini nyingi za petroli zina themostati inayofunguka kwa nyuzi 82 hivi, na kazini joto lake huwa kati ya nyuzi 85 na 95. Maana yake ni kwamba Bugarama, maji yasiyofungiwa vizuri huchemka katika joto ambalo kwa injini ni la kawaida kabisa. Gari linaweza kuchemsha bila injini kuwa na ugonjwa wowote!

Mfuniko mdogo, kazi kubwa

Ni nini basi kinachozuia gari zima lisichemshe kila siku? Ni mfuniko wa rejeta. Watu wengi hudhani kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike tu. Kumbe ndani yake kuna springi inayofungia maji kwa mgandamizo, kama sufuria ya kupikia maharagwe kwa mvuke. Mfuniko wa kawaida wa gari dogo la Kijapani umeandikwa 0.9 au 1.1. Ukiwa mzima, wenye 0.9 huyafanya maji ya Bugarama yasichemke mpaka yafike nyuzi 114 hivi. Springi ikichoka au mpira wake ukikatika, unarudi kwenye nyuzi 93.

Tofauti ya nyuzi 20 iko katika kipuri ambacho ni miongoni mwa vya bei rahisi kuliko vyote dukani. Hata hivyo, si ajabu kukuta gari lililobadilishwa rejeta, pampu na hata gasketi ya silinda hedi, huku mfuniko wake ukiwa ule ule uliokuja nalo kutoka Japani, au wa gari jingine uliolazimishwa kukaa.

Jambo la pili ni kinachowekwa ndani. Kulanti, yaani yale maji ya rangi ya kijani au nyekundu, si mapambo. Ikichanganywa nusu kwa nusu na maji, huongeza kiwango cha kuchemka kwa nyuzi kadhaa, huzuia kutu na hulinda alumini. Mwenye kukosa kulanti bora atumie maji ya mvua yaliyochujwa kuliko ya ziwani. Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi, hasa magnesi, na ni ya magadi, kwa kipimo cha pH kikikaribia 9. Yanafaa kwa ndagala na mikebuka, lakini katika rejeta huacha ukoko mweupe kama wa birika kuukuu. Vijia vya rejeta ni vyembamba sana, na ukoko ukishavibana, feni itapuliza bure.

Ubishi wa themostati

Hapa ndipo fundi na fundi hugombana. Kuna desturi iliyoenea Afrika Mashariki yote: gari likichemsha, fundi hutoa themostati na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho ni cha Wazungu wa kwenye theluji.

Hoja hiyo ina udhaifu mkubwa. Themostati hufunga maji mpaka injini ipate joto lake, halafu hufunguka. Ikitolewa, injini huendeshwa ikiwa baridi kupita kiasi, na baridi ya Bugarama au Ijenda si ya mchezo. Injini baridi hunywa mafuta zaidi, na silinda zake huchakaa mapema. Kwa nchi ambayo imepita katika uhaba mkali wa mafuta miaka ya karibuni, kila tone lina thamani.

Isitoshe, katika baadhi ya injini za Kijapani themostati ina kazi mbili: inapofungua njia ya rejeta, inafunga pia njia ya mkato. Ikitolewa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto huzunguka na kurudi katika injini bila kuiona rejeta. Gari linaloenda vizuri mjini bila themostati linaweza kuchemsha mlimani kwa sababu hiyo hiyo. Fundi makini huitumbukiza themostati katika sufuria ya maji ya moto, huangalia kama inafunguka, na kama imekufa huweka nyingine.

Kwa aliyerejea na anayetaka kununua

Aliyezoea maneno ya mafundi wa Kigoma au Dar es Salaam atakutana na lugha mpya hapa. Rejeta utaisikia ikiitwa 'radiateur', mfuniko ni 'bouchon', na gasketi ya silinda hedi, ile ambayo ikiungua huitafuna akiba yote, ni 'joint de culasse'. Usione aibu kuuliza. Wengi wameshalipia kazi ambayo hawakuielewa jina.

Magari mengi yanayoletwa hapa ni ya mtumba kutoka Japani, mengine yakipitia Dubai, kisha bandari ya Dar es Salaam. Aliyelijaribu gari Dar es Salaam ajue kwamba amelijaribu pwani, penye hewa nzito na barabara tambarare, ambako rejeta iliyoziba nusu inaweza isionyeshe dalili. Barabarani mtihani wa kwanza wa maana ni kilima cha Sekenke, kati ya Singida na Nzega. Ukiona mshale wa joto unapanda hapo, usijifariji. Bugarama itakuwa mara nyingi zaidi.

Kwa anayenunua gari ambalo tayari liko Bujumbura, mambo haya hayahitaji mashine wala fedha:

Kwanza, fika mapema na ulikute gari likiwa baridi. Muuzaji akiwa tayari ameliwasha na kulipasha moto kabla hujafika, rudi siku nyingine.

Pili, fungua mfuniko wa rejeta, injini ikiwa baridi tu. Maji yenye rangi ya kutu yanaonyesha kuwa kulanti haijawekwa kwa muda mrefu. Mafuta yanayoelea juu, au oili ya injini iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, ni dalili kwamba maji na oili vimekutana.

Tatu, washa injini mfuniko ukiwa wazi na utazame kwa dakika mbili tatu. Mapovu yasiyoisha yanamaanisha kuwa moshi wa silinda unaingia katika maji. Hapo gasketi imeungua, au hedi imepinda au kupasuka.

Nne, chungulia feni. Je, kava lake la plastiki lipo? Kava hilo huilazimisha feni ivute hewa kupitia rejeta nzima. Likivunjika na kutupwa, feni huzungusha hewa ile ile ya moto.

Tano, lipandishe gari mlima. Usikubali kuzunguka mitaa ya Rohero pekee. Panda Kiriri, mkiwa watu wanne ndani, na macho yako yabaki kwenye geji. Mshale unaotulia katikati una maana kuliko rangi inayong'aa.

Kwa anayebeba mzigo

Mfanyabiashara ana adui mwingine, nao ni mafuta yaliyochakachuliwa. Wakati wa uhaba, petroli ya madumu imekuwa ikinunuliwa gizani, na ikichanganywa na mafuta ya taa, injini hugonga kwa ndani inapopanda. Mgongo huo huzalisha joto la ziada mahali pabaya kuliko pote, juu ya pistoni. Ukisikia injini inalia kama mawe yanayotikiswa ndani ya kopo, punguza kukanyaga na ushuke gia.

Kushuka gia ni ushauri unaowashangaza wengi, kwa kuwa injini hupiga kelele zaidi. Lakini pampu ya maji huzunguka kwa kasi ya injini. Gia kubwa na mzunguko mdogo mlimani hulemea injini huku maji yakizunguka polepole. Gia ndogo, mwendo wa wastani na mguu mwepesi ndiyo dawa. Zima kiyoyozi. Mshale ukianza kupanda, washa hita ya ndani hadi mwisho na ufungue madirisha. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili, na inaweza kukufikisha mahali pa kuegesha salama.

Ukishaegesha na mshale uko juu, hakikisha kwanza maji hayavuji, kisha iache injini ing'urume taratibu kwa dakika chache ili maji yaendelee kuzunguka. Kama maji yamekwisha, zima mara moja. Na kamwe, narudia kamwe, usifungue mfuniko ukiwa moto. Maji yaliyofungiwa katika nyuzi 110 hugeuka mvuke papo hapo yanapoachiwa, na hurukia uso na mikono. Subiri zaidi ya nusu saa. Wala usimwagie injini ya moto maji ya baridi. Chuma hupasuka kama kioo.

Joto la kushuka

Tusisahau upande wa pili wa mlima. Malori mengi kutoka Kobero hushuka Bujumbura yakiwa yamejaa, na huko joto huhamia kwenye breki. Lori lenye uzito wa tani 30 likishuka mita 1,400 hutoa nishati inayolingana na kuchoma zaidi ya lita 11 za dizeli. Dereva akitegemea pedali ya breki peke yake, sehemu kubwa ya moto huo huingia katika ngoma za magurudumu. Breki zikishakolea moto hupoteza mshiko, na mbele kuna kona, kuna watu, kuna vijana wa baiskeli waliobeba ndizi.

Ndiyo sababu magari ya kasi hutobolewa njia za kupeleka upepo kwenye breki, na ndiyo sababu dereva mzee huanza kushuka Bugarama kwa gia ile ile ambayo angeipandia. Injini hulizuia gari bila kuziunguza breki.

Wabashiri wa magari ya kasi wataendelea kuhesabu matundu ya boneti, na kila mwaka kampuni zitawaletea mapya. Sisi huku hatuna haja ya rejeta 13. Tunahitaji moja isiyoziba, mfuniko unaobana, feni yenye kava lake na themostati inayofunguka kwa wakati. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mwenye gari moja linalolisha nyumba nzima, ufa wenyewe unaweza kuwa springi ya mfuniko wa rejeta. Uangalie kesho asubuhi, injini ikiwa bado baridi, kabla ya mzigo kupakiwa.